Tovuti Bandia Haisimami Peke Yake

Ndugu mwenyekiti, wafanyabiashara wenzangu, mabibi na mabwana: asanteni kwa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumzie tovuti bandia. Nasemea zile zinazovaa jina la biashara yako, nembo yako, picha za bidhaa zako, hata ukurasa wa "kuhusu sisi" pamoja na makosa yake ya tahajia, ila namba ya kulipia ni ya mtu usiyemjua. Wengi hugundua kwa njia ileile. Mteja anapiga simu akifoka, anataka mzigo wake, na katika vitabu vyako hana hata oda moja. Hapo ndipo mwenye biashara anapojua kwamba ana pacha.

Karibu kila anayepatwa na jambo hili huuliza kwanza: ni nani huyu, na nitampata wapi? Ni swali la haki, lakini likitangulia litakupotezea muda. Zamani kidogo mtu yeyote aliweza kutafuta jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti kama vile mfano.com, kwenye rejista ya wazi akaona limesajiliwa na nani. Tangu sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi ianze kutumika Mei 2018, sehemu kubwa ya majina hayo imefichwa. Na hata kabla ya hapo, tapeli hakuwa mtu wa kuandika jina alilopewa na mama yake. Polisi waendeeni, tena mapema, maana namba ya jalada mtaihitaji benki na kwingineko. Ila jalada litakapokuwa linatoka meza hii kwenda ile, tovuti itakuwa bado inakula watu. Kwa hiyo mimi leo sitazungumzia namna ya kumkamata tapeli. Nitazungumzia namna ya kumnyima pa kuuzia.

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Tovuti ile unayoiona imesimama imeungwa kwa huduma za kukodi, na tapeli mwenyewe hamiliki hata moja. Yuko msajili aliyemuuzia jina la kikoa. Iko kampuni inayomkodishia seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti. Yuko aliyempa cheti cha usalama, kile kinachosimba mawasiliano ya mgeni na tovuti yasisomwe na mwingine njiani, na cheti hicho siku hizi hutolewa bure. Uko mtandao wa kijamii au injini ya utafutaji inayorusha tangazo lake. Na iko benki, au kampuni ya pesa za simu, inayopokea fedha. Kila mmoja kati ya hawa ana mlango wa malalamiko, na kila mmoja ana sababu yake ya kusikiliza au kutosikiliza. Ukimng'oa mmoja, tovuti inachechemea. Ukiwang'oa wawili, mara nyingi inalala.

Lakini kabla ya kugonga mlango wowote, kusanyeni ushahidi, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo malalamiko mengi yanapofia.

Mtu anaona tovuti bandia, anapandwa na hasira, anaiandikia kampuni ya seva mistari miwili: "Hawa ni wezi, ifungeni." Mfanyakazi wa kule anabonyeza kiungo, anakuta ukurasa mtupu, au anakuta blogu ya mapishi. Anafunga lalamiko. Mlalamikaji anasema wamehongwa. Hawakuhongwa. Tovuti nyingi za namna hii hujificha. Zinakagua mgeni anatoka nchi gani, anatumia simu au kompyuta, kaja kupitia tangazo au kaandika anwani mwenyewe. Asipofanana na windo lao wanamwonyesha kitu kisicho na madhara. Kwa hiyo lalamiko lazima lieleze uliionaje: kwa simu ya aina gani, ukiwa nchi gani, kupitia kiungo kipi, tarehe na saa ngapi. Piga picha za skrini zinazoonyesha anwani nzima juu, si nembo tu. Ukurasa wa malipo ndio wenye thamani kuliko yote. Mwombe mteja aliyetapeliwa akutumie ujumbe alioletewa kama ulivyo, asikusimulie. Na hifadhi nakala ya ukurasa kwenye huduma ya nje, kama kumbukumbu ya Internet Archive, ili kesho mtu asiseme umetengeneza picha mwenyewe.

Usijaribu kulipa ili uone pesa inakwenda wapi. Usiingize nenosiri lako la kweli. Usimwandikie tapeli kumtisha na mahakama, kwani barua hiyo kwake ni taarifa ya kuhama tu. Na kijana wa ofisini anayejitolea kuivamia hiyo seva mwambieni akae, maana kosa la jinai halifutwi na kosa la jinai.

Sasa twende kwenye milango. Mimi huanza na pesa. Wataalamu wa kompyuta huanza na seva kwa sababu ndiyo wanayoijua, lakini tapeli hana uchungu na tovuti, atatengeneza nyingine jioni. Akaunti ya kupokelea fedha ndiyo inayomgharimu. Aliyelipa aripoti kwenye benki yake au mtandao wake wa simu saa hiyohiyo, na wewe mpe barua fupi inayosema tovuti hiyo si yenu na akaunti hiyo si yenu. Benki husita zinapopokea madai ya mtu mmoja, lakini madai yakija pamoja na barua ya biashara inayoigwa hubadilisha sura. Waathirika wakiwa kumi, kumi wote waripoti. Msiwasemee kwa barua moja.

Mlango wa pili ni msajili wa kikoa. Kwa majina yanayoishia na .com, .net, .shop na ndugu zake, nenda kwenye zana ya utafutaji ya ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti duniani. Jina la mwenye kikoa huenda usilipate, lakini utapata mambo matatu ya maana. Kwanza, msajili ni nani na barua pepe yake ya kupokea malalamiko ni ipi. Pili, kikoa kinatumia seva za majina zipi, yaani zile zinazoelekeza jina kwenye tovuti, jambo linaloweza kukuonyesha kampuni gani inakihudumia. Tatu, tarehe ya kusajiliwa. Hiyo tarehe ipende sana. Tovuti inayojigamba kuwa biashara ya miaka mingi, na jina lake lilisajiliwa Jumanne iliyopita, imejitolea ushahidi yenyewe.

Tangu tarehe 5 Aprili 2024, mikataba ya ICANN inawalazimu wasajili kuchukua hatua haraka wanapoletewa ushahidi wa kutosha kwamba kikoa kinatumika kwa hadaa ya kunasa taarifa za watu, au kusambaza programu hasidi. Sikilizeni vizuri maneno hayo. Hayasemi "kikoa kinachoiga biashara ya mtu." Ukimwandikia msajili kwamba fulani ameiba nembo yako, atakujibu kwa upole kwamba hiyo ni kesi ya alama ya biashara, tafuta wakili. Ukimwandikia kwamba ukurasa huu hapa, kwa jina letu, unawaomba watu namba ya kadi na nenosiri, na picha hizi hapa, umegusa wajibu wake wa mkataba. Tovuti ni ileile na wizi ni uleule, lakini mlango umefunguka kwa sababu umesema jambo analowajibika nalo. Bila shaka msiseme uongo. Kama ukurasa hauombi taarifa za siri, msiseme unaomba. Vikoa vya nchi, vile vinavyoishia na herufi mbili, haviko chini ya mikataba hiyo, na kila rejista ya nchi ina utaratibu wake.

Mlango wa tatu ni kampuni ya seva, na huu hufunguka kwa hakimiliki. Sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inazikinga kampuni zinazohifadhi tovuti dhidi ya lawama kwa makosa ya wateja wao, kwa sharti kwamba zikipewa taarifa sahihi ya hakimiliki ziondoe kitu hicho upesi. Kampuni nyingi za nje ya Marekani nazo hupokea taarifa za mtindo huo. Taarifa ina viungo vyake: utaje kazi yako ni ipi, nakala iliyoibwa iko anwani gani, uthibitishe kwa nia njema kwamba matumizi hayo hayakuruhusiwa, na utie sahihi ukijua kwamba kudanganya kuhusu mamlaka yako ni kiapo cha uongo.

Hapo kwenye kiapo, nina neno la pembeni. Wengi wetu picha zilizomo kwenye tovuti zetu tumezichukua kwa mtengenezaji wa bidhaa, au tumezikuta tu mtandaoni. Hizo si zetu, na huwezi kuapa kwamba tapeli amekuibia ulichokichukua kwa mwingine. Picha ulizopiga mwenyewe na maneno uliyoandika mwenyewe ndizo silaha zako. Anayepiga picha zake mwenyewe ana kitu cha kudai siku mbaya ikifika.

Wakati mwingine ukitafuta seva utakuta jina la Cloudflare au kampuni nyingine ya aina hiyo. Usikate tamaa wala usidhani umemfikia mwenye seva. Hao hukaa mbele ya seva, wakipokea wageni kwa niaba yake, na anwani ya kweli iko nyuma yao. Waandikie kupitia fomu yao. Wanaweza kulipeleka lalamiko kwa anayehifadhi tovuti, na kwenye hadaa wanaweza kuweka ukurasa wa onyo mbele yake.

Na uko mlango ambao wengi hawaugongi kabisa, nao ni vivinjari, programu tunazofungulia tovuti. Google ina orodha ya tovuti hatari iitwayo Safe Browsing, na orodha hiyo haitumiwi na Chrome peke yake, bali na Firefox na Safari pia. Microsoft ina ya kwake inayoitwa SmartScreen. Kuripoti ni fomu fupi tu. Tovuti ikiingizwa kwenye orodha, anayeifungua anakutana na ukurasa mwekundu wa kumwonya kabla hajafika kwenye duka la uongo. Kikoa bado kipo, seva bado inawaka, lakini wateja hawapiti. Kwangu mimi ripoti hii inatumwa siku ileile, pamoja na ile ya benki, kabla hata wakili hajapokea simu.

Mawakili wana nafasi yao. Upo utaratibu wa usuluhishi wa majina ya vikoa ulioanzishwa na ICANN mwaka 1999, na mmoja wa watoa huduma wake wakubwa ni Shirika la Miliki Bunifu Duniani, WIPO, lenye makao Geneva. Mlalamikaji lazima athibitishe mambo matatu kwa pamoja: kwamba jina linafanana na alama yake ya biashara kiasi cha kuchanganya watu, kwamba aliyelisajili hana haki nalo, na kwamba alilisajili na analitumia kwa nia mbaya. Akishinda, jina linafutwa au anakabidhiwa. Fidia hakuna. Ada ya WIPO kwa msuluhishi mmoja, majina yasiyozidi matano, ni dola 1,500 za Marekani, na uamuzi huchukua kama miezi miwili. Mwaka 2023 pekee WIPO ilipokea kesi zaidi ya 6,000 za namna hii, kwa hiyo si njia ya kubahatisha. Lakini miezi miwili kwa tovuti inayoiba leo ni mingi. Njia hii ni nzuri kwa jina ambalo hutaki lirudi sokoni, lile linalofanana na lako mno, si kwa kila takataka inayoishia na herufi za ajabu. Na kama alama yako ya biashara hujaisajili mahali popote, jiandae kwa kazi ngumu ya kuthibitisha kwamba unajulikana kwa jina hilo.

Naomba pia tusiitumie milango hii kuwapiga watu wasiostahili. Mteja aliyefungua tovuti kulalamikia huduma yako, tena akaandika jina lako juu kwa herufi kubwa, si tapeli. Wakala wa zamani aliyesahau kuondoa nembo yako si tapeli pia, huyo barua ya kistaarabu inamtosha. Biashara inayopeleka madai ya uongo kwa wasajili huishia kutoaminiwa siku ina madai ya kweli.

Kuna wanaoniuliza kama wanunue majina yote yanayofanana na lao. Nunueni mawili matatu ya karibu, mkaishie hapo. Tangu 2013 viishio vipya, yaani herufi za mwisho za jina kama .shop, zaidi ya 1,000 vimeongezwa kwenye intaneti, hamtavimaliza. Tena mkae chonjo na barua pepe zinazosema kwamba kuna kampuni ya ng'ambo iko mbioni kusajili jina lenu, na kwamba mkilipa leo mtawahi. Huo nao ni utapeli, wa zamani sana, unaowawinda hasa wenye biashara walioanza kuogopa.

Sasa wateja. Tangazeni mapema na tangazeni wazi: tovuti yetu ni hii moja, tunalipwa kwa njia hizi tu, kuna tovuti inayojifanya sisi. Mkiiandika anwani ya bandia, ivunjeni kwa kuandika neno "nukta" badala ya nukta yenyewe, isije ikawa kiungo ambacho mmekisambaza nyinyi. Na acheni kuwaambia watu waangalie alama ya kufuli. Kufuli lilimaanisha tu kwamba mawasiliano yamesimbwa, na tapeli naye anasimba. Google yenyewe iliripoti kwamba katika utafiti wake wa mwaka 2021 ni asilimia 11 tu ya washiriki walioelewa sawasawa maana ya alama ile, na mwaka 2023 ikaiondoa kwenye Chrome. Wafundisheni jambo moja lenye faida zaidi: kwenye anwani, tafuta mkwaju (/) wa kwanza baada ya jina, kisha soma kurudi nyuma. Neno lililo jirani na kiishio, kabla ya mkwaju huo, ndilo jina la kweli. Jina lenu likitokea mwanzoni kabisa na baada yake kukafuata maneno mengine na nukta nyingine, pale si penu.

Hata hivyo macho yana mipaka. Herufi "a" ya Kisirili, ile inayotumika kuandika Kirusi, haitofautiani kwa sura na "a" yetu. Hila hiyo ilielezwa na watafiti tangu 2002, na mwaka 2017 mwingine alionyesha kwamba jina la Apple liliweza kuandikwa kwa herufi za Kisirili tupu na baadhi ya vivinjari vikubwa vikaliacha lipite. Vivinjari vimejirekebisha kwa kiasi kikubwa, ila sipendi kabisa kumwona mfanyabiashara akimlaumu mteja kwa kutoona kitu ambacho hakionekani.

Na mara nyingine tunawafundisha wateja kudanganyika sisi wenyewe. Septemba 2017 kampuni ya Equifax ya Marekani, inayotunza taarifa za mikopo ya watu, ilitangaza kwamba wadukuzi wameiba taarifa za watu wapatao milioni 143. Badala ya kuwaelekeza watu kwenye kikoa chake kinachojulikana, ikafungua kingine kipya, equifaxsecurity2017.com. Mhandisi mmoja wa programu, kwa kutaka kuonyesha hatari yake, akasajili securityequifax2017.com na kutengeneza ukurasa unaofanana. Akaunti ya Twitter ya Equifax yenyewe ikawatumia wateja kiungo cha ule ukurasa wa kuiga, tena zaidi ya mara moja. Bahati yao mhandisi yule hakuwa mwizi. Kama wafanyakazi wa kampuni hawawezi kutofautisha tovuti yao na ya kuiga, mteja atawezaje? Kwa hiyo kila mnapofanya promosheni, kila mnapofungua huduma mpya, iwekeni ndani ya kikoa chenu kilekile. Kijana wa masoko atakuja na jina tamu la kikoa kipya. Mkatalieni.

Kuhusu ulinzi wa kila siku, kuna chombo kimoja ambacho sielewi kwa nini hakitumiki zaidi. Tangu Aprili 2018 Chrome inataka kila cheti kipya cha usalama kiandikwe kwenye daftari la wazi linaloweza kusomwa na yeyote. Madaftari hayo yanatafutika bure, kwa mfano kupitia tovuti ya crt.sh, na ziko huduma zinazokutumia barua pepe kila cheti chenye neno fulani kinapotolewa. Tapeli anayetaka tovuti yake ifunguke bila onyo lazima achukue cheti, na akikichukua kwa kikoa chenye jina lenu ndani yake, jina hilo linaonekana pale, mara nyingi kabla hajampata mteja wa kwanza. Aliyebadilisha herufi hatakamatwa na utafutaji wa jina sahihi, kwa hiyo tafuteni na makosa ya tahajia yanayozoeleka. Pili, mwambieni anayewaendeshea barua pepe aweke rekodi za SPF, DKIM na DMARC, ambazo humwezesha anayepokea barua kukagua kama imetoka kwenu kweli, na baada ya majaribio aiwekee DMARC amri ya kukataa. Hiyo inazuia barua zinazojifanya zimetoka kwenye kikoa chenu hasa. Zile zinazotoka kwenye kikoa cha kufanana haizizuii, msije mkaambiwa vingine na anayewauzia.

Nimeletewa swali kwenye karatasi: mteja aliyelipa kwenye tovuti bandia nimrudishie pesa yake? Kisheria inategemea nchi, muulize wakili wako, na kwa kawaida fedha ambayo hukuipokea huna cha kurudisha. Lakini usimjibu hivyo kwenye simu ya kwanza. Mtu huyu alikuja akikutafuta wewe, na ndiye mwenye ujumbe, risiti na namba ya akaunti unazozihitaji. Mpe ile barua ya kwenda nayo benki, muulize alifikaje kwenye ile tovuti, mpe namba ya kukufikia. Wako wenye biashara wanaompunguzia bei kwenye manunuzi yanayofuata, na sioni ubaya, ila msilitangaze hadharani. Mkilitangaza, wiki ijayo mtapokea waathirika wenye risiti za kughushi, na mtaanza kazi nyingine kabisa.

Karibuni maswali.